Bede na Fimbo ya Mwalimu: Hadithi za Picha hadi Butembo na Beni

Bede, jina lililotokana na Kifaransa, ni hadithi inayosimuliwa kwa picha zilizopangwa safu kwa safu, maneno ya wahusika yakiwa ndani ya viputo vyeupe vinavyotoka vinywani mwao. Nchini Kongo, na miji ya mashariki ya Butembo na Beni haikuwa na bahati tofauti, usomaji huu uliingia ukiwa umeshika fimbo ya mwalimu, na ladha yake imekuwa ikipanda na kushuka kwa kadiri fimbo hiyo ilivyowekwa kando au kuokotwa tena.

Katika toleo la kwanza la safari ya Tintin nchini Kongo, lililochapwa Brussels mwaka 1930 na 1931, kijana huyo aliyebuniwa na mchoraji Hergé anasimama mbele ya watoto wa misheni na kuwafundisha habari za nchi yao, Ubelgiji. Katika toleo la rangi la 1946 somo hilo liliondolewa na pahali pake pakawekwa hesabu ya kujumlisha, ila ubao ulibaki ulipokuwa. Katika miaka hiyohiyo ya 1940, gazeti la serikali ya kikoloni, Nos Images, lililotolewa pia kwa Kiswahili, lilimleta Mbumbulu, baba wa nyumba ya kuigwa na wale walioitwa évolués, yaani Waafrika waliosoma na kufuata mwenendo wa Kizungu. Mhusika ambaye kazi yake ni kuwa mfano hawezi kuchekesha kwa muda mrefu.

Uhai ulikuja mwaka 1968, jarida la Jeunes pour Jeunes lilipoanzishwa Kinshasa na kumtoa polisi Apolosa akizungumza Kihindubill, lugha ya vijana wa mitaani iliyochanganya Kilingala na Kifaransa, na ambayo jina lake lina harufu ya sinema za Kihindi na za makauboi. Mwaka 1990, mchoraji Mfumu'eto aliirudisha tena ladha iliyokuwa imechakaa kwa vijitabu vya Kilingala alivyovichapa mwenyewe. Kimoja kilichovuma sana kilihusu chatu aliyemmeza mwanamke ndani ya Kinshasa, uvumi wa mjini uliowekwa katika picha, na wengi wakamwona Rais Mobutu ndani ya ngozi ya nyoka huyo.

Uhai huo, hata hivyo, haukusafiri vyema kwenda mashariki, kwa kuwa barabara za biashara za Butembo na Beni huelekea zaidi Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda, na Kampala kuliko Kinshasa, na Kilingala huko husikika zaidi katika muziki na vinywani mwa wanajeshi. Majarida ya katuni ya Dar es Salaam, kama Sani, yalikuwa na Kiswahili, lakini Kiswahili cha pwani, na mzaha ni kitu chepesi kinachokufa njiani kinapohamishwa kutoka lahaja moja hadi nyingine.

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020 ulileta picha nyingi katika miji hii miwili: mabango na kadi za kufundishia, ndoo yenye bomba, mikono chini ya maji ya klorini, mgonjwa akipelekwa kituoni. Fimbo ilikuwa imeokotwa tena, safari hii kwa sababu ambayo ni vigumu kuilaumu, na picha zilizopita mikononi mwa watu zilisomwa kama onyo, si kama hadithi.