Mkanda wa Kuazima

Mkanda ninaoufunga kiunoni si wa kwetu. Rafiki yangu alipenda kunikumbusha jambo hilo mbele ya wanafunzi wangu, hasa siku ambazo wazazi wamekuja kutazama. "Mwalimu," angesema, ameegemea mlango wa ukumbi na taulo begani, "mkimaliza kupigana na hewa, mturudishie mkanda wetu." Watoto wanaangua kicheko. Nami namjibu kwamba watu wa judo wanyamaze, maana kazi yao ni kukumbatiana na kuangushana kama walevi wa tembo la mnazi.

Yeye alifundisha judo, mimi karate. Kwa miaka kumi na moja tuligawana ukumbi mmoja hapa Tanga: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zangu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi zake. Hakuwa na mikeka ya Kijapani. Alikwenda kwa mafundi seremala, akabeba maranda kwa magunia, akayatandaza kwenye kona ya ukumbi na kuyafunika kwa turubai kuukuu la lori. Juu ya turubai hilo lenye viraka vijana walijifunza kuanguka. Kuanguka, alikuwa akisema, ndilo somo la kwanza, na wengi wetu tunakufa hatujalimaliza.

Alifariki usiku, presha ilipanda, na kabla ya alfajiri habari zilikuwa zimenifikia. Wakati huo tulikuwa na wiki tatu hatusemezani.

Kosa lilikuwa langu. Wanafunzi wangu walikuwa wameongezeka, nikaitaka Jumamosi. Badala ya kumwambia, niliandika barua kwa wenye ukumbi. Akazisikia habari hizo kwa mlinzi. Hakugomba. Alinisimamisha getini akasema, "Ungeniambia tu, ndugu yangu." Sikuwa na la kujibu, na mtu asiye na la kujibu mara nyingi hununa. Tukaanza kupishana kwa salamu za mdomoni, kisha hata hizo zikakauka.

Baada ya maziko nilikuwa sipati usingizi. Nikarudi kusoma kisa ambacho kila mwalimu wa karate anakijua, cha Gichin Funakoshi na Jigoro Kano. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi kama historia ya mchezo wetu. Safari hii nilikisoma kama mtu aliyefiwa.

Kano alizaliwa mwaka 1860. Alipoanzisha judo mwaka 1882, shule yake, Kodokan, ilikuwa chumba cha mikeka kumi na miwili tu ndani ya hekalu la Kibuddha jijini Tokyo. Alichukua mieleka ya kale ya samurai, akaondoa mbinu za kuua na kuvunja, akabakiza zile ambazo mtu anaweza kumfanyia mwenzake leo na kesho wakakutana tena kufanya mazoezi. Ndiye aliyeanzisha utaratibu wa madaraja ya dan, na ni katika Kodokan mkanda mweusi ulipoanza kuwa alama ya aliyepevuka. Kitaaluma alikuwa mwalimu. Kwa miaka mingi aliongoza chuo kikubwa cha ualimu cha Tokyo. Mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Funakoshi naye alikuwa mwalimu, lakini wa shule za kawaida huko Okinawa, visiwa vya kusini ambavyo Wajapani wa bara waliviona kuwa ni shamba. Mwezi Mei mwaka 1922, akiwa na miaka 53, alipelekwa Tokyo kuonyesha karate katika maonyesho ya michezo ya kitaifa. Alikusudia kurudi nyumbani mara moja. Kano ndiye aliyemzuia kwa kumwomba aje Kodokan awaonyeshe sanaa hiyo.

Hebu fikiria ukubwa wa jambo hilo. Kano alikuwa na jina, jengo na maelfu ya wanafunzi. Mgeni wake alikuwa na lafudhi ya kisiwani na sanaa ambayo watu wengi wa Tokyo hawakuwahi kuiona. Funakoshi aliomba apewe siku chache za kujiandaa, kisha akaenda pamoja na kijana Mwokinawa aliyekuwa akisoma mjini humo, Shinkin Gima. Walipomaliza, Kano aliuliza ingechukua muda gani kujifunza kata zote. Funakoshi akasema mwaka mmoja na zaidi. Kano akaona hawezi kumweka mgeni muda wote huo, akaomba afundishwe angalau chache. Bwana mkubwa wa judo, mwenye miaka 61, alikuwa tayari kuwa mwanafunzi.

Funakoshi hakurudi Okinawa. Mkewe alibaki kule, naye akaishi katika bweni la wanafunzi Waokinawa, akifagia vyumba, akitunza bustani na kulinda lango mchana, usiku akifundisha. Mpishi wa bweni alimpunguzia bei ya chakula, naye akamlipa kwa masomo ya karate. Siku moja alipeleka kofia yake kuukuu na vazi la kwao kwa mweka rehani, akashangaa kupewa pesa nyingi kuliko thamani ya vitu vile. Baadaye aligundua kwamba mdogo wake mweka rehani alikuwa mwanafunzi wake. Mwaka huohuo wa 1922 alitoa kitabu chake cha kwanza. Mabamba ya kukichapia yakateketea katika tetemeko kuu la Septemba 1923. Bweni nalo likaharibika. Aliyemwokoa safari hiyo ni Hakudo Nakayama, mwalimu mkubwa wa kendo, sanaa ya upanga. Alimwachia Funakoshi ukumbi wake autumie kila wanafunzi wa upanga wanapokuwa hawapo.

Niliposoma habari za Nakayama nilifunga kitabu. Yule aliambiwa mwenzake hana ukumbi, akampa wake. Mimi nilikuwa na siku tatu za ukumbi, nikaandika barua ili niipate ya nne.

Mwezi Aprili mwaka 1924 Funakoshi aliwafunga wanafunzi wake wachache mikanda meusi ya kwanza ya karate. Ngazi za dan zilitoka kwa Kano. Sare nyeupe ilitoka kwa Kano. Kule Okinawa watu walikuwa wakifanya mazoezi na nguo zozote, mara nyingi usiku, uani, pasipo mkanda wala cheo. Kwa hiyo rafiki yangu alikuwa akisema kweli pale mlangoni: vazi lote ninalojivunia, kuanzia kola hadi fundo la kiunoni, ni la kuazima. Kitu ambacho hakukisema, na nadhani alikijua, ni kwamba mwenyewe hakudai kirudishwe.

Mwezi Machi mwaka 1938 Kano alisafiri hadi Cairo, katika bara letu hili, kwenye kikao cha Kamati ya Olimpiki. Alikuwa na miaka 77. Alikwenda kuitetea Tokyo ibaki mwenyeji wa michezo ya 1940, na akafanikiwa. Hakufika nyumbani kuisimulia. Alikufa tarehe 4 Mei akiwa baharini, ndani ya meli Hikawa Maru iliyokuwa ikivuka Pasifiki, siku mbili kabla ya kutia nanga Yokohama. Mwezi Julai Japani, ikiwa vitani China, iliuachilia uenyeji wa michezo ile. Meli yenyewe ingalipo. Imeegeshwa Yokohama kama makumbusho.

Na hapa ndipo penye jambo lililoninyima usingizi. Wanafunzi wa Funakoshi walisimulia kwamba kila alipopita mbele ya Kodokan, mzee huyo alivua kofia na kuinama. Vijana walimshangaa: mwalimu wa karate anainamia jengo la judo? Yeye aliwaambia kuwa anamsalimu Kano, kwa kuwa bila mtu huyo yeye asingekuwa Tokyo.

Zamani niliona ni adabu tu. Sasa naona ni mtu aliyelipa deni kwa njia pekee iliyobaki. Aliyekukopesha akishaondoka, unalipa mlangoni kwake.

Wakati huohuo wanafunzi wangu wakubwa walikuwa wamekwisha kunijia na mpango. "Sensei, siku za marehemu ziko wazi sasa. Tuchukue ukumbi wote." Kuhusu vijana wake, ishirini na kitu, walisema waje kwetu, wavue mikanda yao, waanze upya na mweupe. Walisema bila ubaya. Mimi ndiye niliyewafundisha hesabu hiyo.

Niliwaambia kilichotokea Funakoshi alipofariki, tarehe 26 Aprili 1957, akiwa na miaka 88. Wanafunzi wake hawakuelewana hata juu ya nani asimamie mazishi. Makundi mawili yalitengana, na ufa huo upo mpaka leo. Mtu aliyefundisha kwamba karate huanza na kuishia kwa heshima aliagwa kwa ugomvi. Nikawauliza kama nasi tunataka kuzika kwa namna hiyo. Mmoja akaangalia miguu yake. Mwingine, mbishi kidogo, akauliza, "Sasa nani atawafundisha?"

Swali lilikuwa la haki. Rafiki yangu alikuwa na mwanafunzi mmoja, binti wa mkanda wa kahawia, anayeuza samaki wa kukaanga na mama yake asubuhi. Nilimfuata barazani kwao. Nilimkuta anaparua magamba. Nikamwomba radhi kwanza, kwa sababu habari za barua zilikuwa zimewafikia wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shikamoo yako nilikuwa nimeificha, mwalimu. Leo nakupa." Sikujua kama nicheke au nilie.

Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, Tokyo, na kwa ajili yake likajengwa jumba la Nippon Budokan. Mwaka 2021, michezo iliporudi mjini humo, karate nayo ilichezwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, ndani ya jumba hilohilo. Mgeni bado alikuwa anatumia nyumba ya mwenyeji wake.

Kwetu, Jumamosi imebaki ya judo. Ukutani, juu ya turubai, yapo maneno aliyoyaandika rafiki yangu kwa chaki, tafsiri yake mwenyewe ya kanuni ya Kano: *Mstawi pamoja, wewe na mwenzako*. Vijana hupitishia chaki upya kila yanapofifia. Wiki iliyopita binti yule alinialika nikaonje somo la kwanza, nami nikafungua mkanda wangu mweusi, nikauning'iniza kwenye msumari. Alinishika kola, sikuona mguu wake ulipopita, na maranda yakanipokea kwa harufu ya mninga. Ameniambia nilitanguliza mkono, jambo ambalo halitakiwi. Alhamisi nirudi.

Ninapoingia ukumbini sasa, kabla sijawasalimu wanafunzi wangu, nageukia ile kona na kuinama. Wale wapya huwa wanauliza namsalimu nani.