Kuchagua propela ya boti ndogo

Propela, ambayo mafundi wengi huiita pangaboi, ndiyo inayogeuza nguvu ya mashine kuwa msukumo majini. Propela ya mashine ya kufungwa nyuma ya boti hutambulika kwa namba mbili, kwa kawaida zikiwa zimepigwa chapa kwenye kitovu chake, zote kwa inchi. Ya kwanza ni kipenyo. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Iliyoandikwa 9¼ x 11 ina kipenyo cha inchi tisa na robo na hatua ya inchi kumi na moja. Wanunuzi wengi huanza na swali la kasi, na hapo ndipo wanapopotea. Swali la kwanza ni la mizunguko: boti ikiwa na mzigo wake wa kila siku, mafuta yamefunguliwa mpaka mwisho, je, mashine inafika mizunguko aliyoipanga mtengenezaji? Kwa mashine nyingi za mipigo miwili ni 4,500 hadi 5,500 kwa dakika, na kwa nyingi za mipigo minne ni 5,000 hadi 6,000, ingawa neno la mwisho ni la kitabu cha mashine yenyewe.

Mashine haitoi nguvu zake zote mpaka ifike huko. Ikifungwa propela yenye hatua kubwa kuliko uwezo wake, inalemewa kama lori linalopandishwa mlima wa Kitonga kwa gia ya juu: inanguruma, inachemka, inaunguza mafuta vibaya, na masizi yanajaa kwenye pistoni. Kipimo wanachotumia mafundi ni kwamba kila inchi moja ya hatua ikipunguzwa, mizunguko hupanda kwa 150 hadi 200. Kwa hiyo mashine ya mipigo miwili inayogota kwenye 4,400 itafika karibu na 4,900 ikipunguziwa inchi tatu. Mahali nako kuna hesabu yake. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huko huinyang'anya mashine takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Propela iliyofaa Dar es Salaam inaweza kuwa nzito Mwanza, kwenye boti ileile na mzigo uleule. Ziwa Kivu, lililo juu zaidi, ndiyo kabisa.

Wapo wanaodai kwamba hatua kubwa hubana matumizi ya petroli, kwa kuwa mashine huzunguka polepole. Dai hilo lina ukweli kwa boti nyepesi ya faiba inayopaa juu ya maji huku mashine ikiwa na nguvu za ziada. Kwa boti ndefu ya mbao iliyojaa dagaa halisimami. Mashine yenye mizunguko 5,000, gia ya mbili kwa moja na hatua ya inchi 9 ingekwenda kilomita 34 kwa saa kama maji yasingeteleza. Boti hiyo ikienda 15, zaidi ya nusu ya kila hatua imepotea. Kuongeza hatua hapo ni kuongeza hasara. Inachohitaji ni kipenyo kikubwa kadiri nafasi ya mashine inavyoruhusu, na hatua fupi.

Hoja nzito zaidi ni kwamba mzigo haubaki mmoja: boti huenda tupu na kurudi imejaa. Ni kweli, na propela moja haiwezi kufaa safari zote mbili kikamilifu. Ichaguliwe ya safari nzito, kwa sababu boti ikienda tupu nahodha anaweza kupunguza mafuta mizunguko isipite kiwango, lakini mashine iliyolemewa hana cha kuiongezea. Propela iliyokuja na mashine nayo isiaminiwe bila kupimwa, maana kiwanda hakijui itabeba nini.

Kabla ya kuilaumu propela, itazamwe mashine ilivyofungwa. Bamba lililo juu ya propela liwe karibu sawa na kitako cha boti. Likiwa juu mno, propela huvuta hewa, mizunguko ikapanda na mwendo usiongezeke. Kuhusu madini, stenlesi ina mapanga membamba na haipindiki ovyo, lakini ikigonga mwamba pigo linaweza kufika kwenye gia. Kwenye maji ya mawe aluminiamu ni salama zaidi, maana hupinda yenyewe kwanza. Ila panga lililonyooshwa kwa nyundo kwa kukadiria huwa limebadilika hatua, na namba ya kwenye kitovu haisemi tena kweli. Mizunguko ipimwe upya, na kwa mashine ndogo isiyo na mita, kipimo cha kuzungushia waya wa plagi kinatosha.