Tamasha Lilivyohamia Sinema

Oktoba 13, 2023, kumbi za sinema za Marekani zilipokea watazamaji waliovaa kama waendao tamashani: magauni ya kumetameta, buti ndefu, mikono imejaa bangili za shanga za kubadilishana. Walikuja kutazama Taylor Swift: The Eras Tour, filamu ya tamasha la mwanamuziki huyo iliyopigwa Agosti mwaka huohuo katika uwanja wa SoFi, California. Kampuni ya kumbi za sinema ya AMC iliwaruhusu waimbe na kucheza. Wasichana waliacha viti vyao, wakashikana mikono na kuzunguka mbele ya skrini.

Safari ya kufika hapo ilianza mapema. Oktoba 1964, wanafunzi wa sekondari waligawiwa tiketi za bure kuingia ukumbi wa Santa Monica, ambako ilirekodiwa filamu ya tamasha, The T.A.M.I. Show. Ndani yake mwimbaji James Brown anaanguka magotini kana kwamba ameishiwa nguvu. Msaidizi anamfunika joho mabegani na kumwongoza nje. Hatua chache tu, Brown analitupa joho na kurudi mbio kwenye maikrofoni, umati ukipiga mayowe. Kabla mwaka haujaisha, vijana wasiowahi kukanyaga ukumbi ule walimwona kwenye skrini.

Woodstock, filamu ya tamasha la jina hilo iliyotoka 1970 na kushinda Oscar, iligeuza kamera ziwatazame mashabiki. Ndani yake yumo mzee anayesafisha vyoo, akieleza kwamba mwanawe mmoja yuko hapo umatini na mwingine yuko vitani Vietnam. Kwa maneno hayo machache, filamu ya muziki ikawa kumbukumbu ya kizazi kizima.

Oktoba 2009 ikaja This Is It, iliyotengenezwa kutokana na mazoezi ya Michael Jackson kwa maonyesho ya London ambayo kifo kilimzuia kuyafanya. Mamilioni walikwenda sinema kumuaga.

Swift aliongeza jambo ambalo watangulizi wake hawakuwa nalo: usukani wa biashara. Kampuni yake ilitengeneza filamu, kisha ikaziruka studio kubwa na kupatana moja kwa moja na AMC. Tiketi ya mtu mzima ilipangiwa dola 19.89, tarakimu za mwaka aliozaliwa na jina la albamu yake. Ya mtoto ikawa dola 13.13, kwa heshima ya namba anayoipenda. Waigizaji wa Hollywood walikuwa kwenye mgomo na filamu kama Dune: Part Two zilikuwa zimesogezwa hadi 2024, hivyo wenye kumbi walikuwa na njaa ya watazamaji. Filamu ya The Exorcist: Believer iliwahishwa wiki nzima ili kumpisha. Wikendi ya kwanza Marekani na Kanada iliingiza zaidi ya dola milioni 90. Duniani kote mapato yalipita milioni 260, kiwango ambacho ni filamu chache mno za muziki zilizowahi kukikaribia.

Desemba 1, 2023, Beyoncé alipita njia hiyohiyo na filamu ya tamasha lake, Renaissance, nayo ikisambazwa na AMC. Na Oktoba 2025 Swift alijaza tena kumbi kwa siku tatu, safari hii bila tamasha lolote kwenye skrini: mashabiki walikata tiketi ili waisikilize pamoja albamu mpya, The Life of a Showgirl, na kuiimba wakiwa wengi.