Walioua Mfalme Bila Ruhusa: Watumishi wa Kabaka na Chimbuko la Abasuba

KILA mara askari wa majini wa Uganda wanapowakamata wavuvi karibu na kisiwa cha Remba katika Ziwa Victoria, lalama huwa zile zile. Wavuvi husema walikuwa bado upande wa Kenya. Askari hushikilia kwamba walivuka. Nyavu na injini huchukuliwa, pesa hutolewa, kisha viongozi wa Homa Bay hutoa taarifa kali pamoja na wenzao wa Migori, ambako mzozo wa Migingo haujapoa tangu mwaka 2004. Mwaka 2009 Rais Yoweri Museveni alisema kisiwa cha Migingo ni cha Kenya ila maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Kauli hiyo haikumtuliza yeyote.

Wanaogombana wanasahau kwamba Remba yenyewe ndiyo alama ya mpaka. Amri iliyotolewa London mwaka 1926 kuugawa upande huu wa ziwa ilipitisha mstari kwenye ncha za magharibi za visiwa vinne: Pyramid, Ilemba, Kiringiti na Mageta. Ilemba ndiyo Remba, na Kiringiti ndiyo Ringiti. Majina hayo yamo katika Katiba ya Uganda hadi leo. Wachora ramani walitafuta miamba ya kupigia mstari, hawakutaka kujua waliokaa juu ya miamba hiyo walitoka wapi.

Walitoka ng'ambo. Sehemu kubwa ya mababu wa Abasuba, wenyeji wa Mfangano, Rusinga, Takawiri na visiwa vidogo vya jirani, pamoja na pwani ya Kaksingri na Gwassi, walikuja kwa mitumbwi kutoka Buganda na Busoga katika karne ya 18. Mwanahistoria Henry Ayot, aliyeandika historia ya watu hawa katika kitabu kilichotoka mwaka 1979, anaanzisha simulizi lake mwaka 1760. Na masimulizi yanayorudiwa zaidi visiwani yanasema waliotangulia hawakufukuzwa na njaa wala ukame. Walikuwa watu wa nyumba ya mfalme waliokimbia kwa sababu mfalme alikuwa ameuawa.

Ili kuelewa kilichowakimbiza, yafaa kujua mtumishi wa bwana mkubwa aliishije katika Buganda ya kale.

Aliingia akiwa mtoto. Mtemi wa wilaya alipeleka wavulana wa ukoo wake katika jumba la Kabaka, yaani mfalme, nao wakawa bagalagala, vijana wa kutumwa. Walilinda milango, walibeba ujumbe, walikaa karibu na mfalme kiasi cha kusikia siri za dola, na karibu kiasi cha kufa kwa kosa dogo. John Speke, Mwingereza aliyekaa katika jumba la Kabaka Muteesa mwaka 1862, aliwaona vijana hao wamejifunga kamba kichwani kama kilemba, wakikimbia huku na huko, maana agizo la mfalme halikutembezwa, lilikimbizwa. Mtumishi aliyeonyesha mguu mtupu mbele ya Kabaka alihatarisha maisha yake. Kukatwa masikio kulikuwa adhabu ya kawaida. Speke ndiye pia aliyesimulia kisa ambacho kila msomaji wa historia ya Uganda amewahi kukisikia: Muteesa alipopewa bunduki, alimkabidhi kijana mmoja na kumwambia atoke nje ampige mtu aone kama inaua. Kijana akaenda, akapiga, akarudi akifurahi.

Kwa nini basi baba ampeleke mwanawe mahali kama pale? Kwa sababu hakukuwa na ngazi nyingine. Aliyenusurika alipewa cheo, ardhi, na watu wa kumlimia; akawa mutongole, naye akawa bwana kwa wengine. Alipopewa kitu alijitupa chini mbele ya mfalme na kushukuru kwa sauti, mara nyingi, vumbi likimjaa usoni. Nchi nzima ilipangwa hivyo, kila mtu chini ya mtu. Hata hivyo mkopi, yaani raia wa kawaida, hakuwa mtumwa. Aliyechoka na bwana wake alifungasha mizigo usiku, akaenda kusenga, yaani kujiweka chini ya ulinzi, kwa mwingine, na bwana asiyejua kuwatunza watu wake alijikuta na mashamba matupu. Utiifu ulikuwa kitu cha kutolewa na kuondolewa. Hilo ndilo linalonivutia zaidi katika historia hii, na ndilo linalofanya kisa cha Kabaka Junju, mfalme aliyeuawa, kieleweke.

Junju hakuwa mfalme dhaifu. Yeye ndiye aliyelinyakua eneo la Buddu kutoka kwa Bunyoro na kuifanya Buganda ipanuke kuelekea kusini na magharibi. Lakini aligombana na ndugu yake Semakokiro, na ugomvi wa ndugu wa kifalme haukumwacha mtu pembeni: kila mmoja alikuwa na watu waliosenga kwake, na watu hao walijua kwamba bwana wao akishindwa, nao wamekwisha. Semakokiro akaasi. Vita vikapiganwa, na kwa hesabu inayotumiwa na wengi ilikuwa mwaka 1797.

Apolo Kagwa, aliyekusanya historia ya wafalme wa Buganda katika kitabu chake cha mwaka 1901, anaegemea upande wa jumba. Kwa mapokeo hayo, Semakokiro aliwaagiza askari wake wamshinde Junju lakini wasimuue. Wao wakamuua. Walipomletea habari wakitarajia mashamba na vyeo, mshindi aliwageukia kwa hasira: nani aliyewatuma kumwaga damu ya ndugu yangu? Akawafukuza. Kisha akaketi kwenye kiti cha marehemu na kutawala hadi mwaka 1814.

Hapa nataka kuwatetea waliofukuzwa, kwa kuwa kitabu cha Kagwa hakina nafasi ya kuwatetea. Mfalme aliyeshindwa akabaki hai bado ni mfalme. Angetoroka, angekusanya watu wake wa Buddu, angerudi, na angekumbuka sura ya kila aliyemshika mkono. Semakokiro angeweza kupatana naye, ndugu hupatana. Wale walioshika mikuki wasingepatana na mtu. Walifanya kazi ambayo bwana wao aliihitaji na ambayo hakutaka ionekane imetoka kwake. Huzuni yake huenda ilikuwa ya kweli, lakini ilimfaa vilevile: mkopi akiruhusiwa kumuua Kabaka mmoja na kupewa zawadi, Kabaka anayefuata atalalaje? Na Semakokiro kweli hakulala. Mapokeo yanasema aliwaogopa hata wanawe mwenyewe na kuwaua wengi wao.

Msomaji aliyezoea filamu za Kijapani atakumbuka kisa kinachokaribiana na hiki. Miaka isiyofika 100 kabla ya kifo cha Junju, mwanzoni mwa 1703, samurai 47 wa Ako waliokuwa wamebaki bila bwana walivamia nyumba ya Kira Yoshinaka mjini Edo, wakamuua kulipiza kisasi cha bwana wao Asano, aliyeamriwa kujiua kwa sababu ya ugomvi na Kira. Wengi waliwasifu kwa uaminifu, lakini serikali ya shoguni ikawaamuru nao wajiue. Wajapani wamewajengea makaburi yanayotembelewa hadi leo katika hekalu la Sengakuji, wamewaigiza jukwaani kwa karne tatu, na watoto wao wanawajua. Watu waliomuua Junju nao walivuka agizo kwa ajili ya bwana, nao waliadhibiwa na utawala ule ule uliofaidika. Tofauti ni kwamba samurai hakuweza kuhama bwana kirahisi bila kuwa ronin, mtu asiye na pa kushika. Muganda aliweza kusenga kwingine. Na palipokosekana bwana wa kusenga kwake, palikuwa na ziwa.

Njia ya maji ilikuwa tayari. Buganda ilikuwa dola ya mitumbwi. Mkuu wa mitumbwi, Gabunga, alikuwa mtu mzito katika ufalme, na mafundi wa visiwa vya Sesse walishona mbao kwa nyuzi bila msumari hata mmoja na kupata chombo cha kubeba askari kuvuka maji makuu. Msafiri Stanley alipoiona vita ya Muteesa dhidi ya Buvuma mwaka 1875, alihesabu mitumbwi 230 ya kivita. Wavuvi wa pwani yetu bado wanaziita mashua zao za mbao Sesse. Kutoka Busoga, chombo cha namna hiyo kilipita Sigulu, kikaruka kisiwa hadi kisiwa, na mbele kidogo ni Mageta, Ringiti, Remba, kisha mlima wa Mfangano, ambao unaonekana kutoka mbali sana siku ya anga safi. Mkimbizi hakuhitaji dira.

Lazima niseme pia kwamba si Abasuba pekee wanaodai kisa hiki. Huko Bunyaruguru, kusini magharibi mwa Uganda, watu husimulia kwamba mababu zao ndio askari wa Semakokiro waliomuua Junju na kukimbilia upande wa machweo. Tena mwaka 1760 wa Ayot haupatani na 1797 ya kifo cha Junju, na baadhi ya koo za Suba hazitaji mauaji yoyote. Wapo waliokuja kuvua, wapo waliokuja kwa ndoa, wapo waliotoka kusini upande wa Tanzania ya sasa. Sioni kwamba hilo linaivunja hadithi. Jeshi linalofukuzwa halikimbilii upande mmoja, na wakimbizi wa vita moja huwapokea wa vita inayofuata. Buganda ya karne ya 18 ilimwaga watu kila mara mfalme alipokufa vibaya. Kilichobaki visiwani ni kisa kimoja kilichobeba safari nyingi.

Walipofika hawakujenga ufalme. Hawakuleta Kabaka, wala Katikiro, yaani waziri mkuu wake, wala bagalagala. Watu waliotoka katika nchi ambamo kila mtu alikuwa chini ya mtu waliishi kwa koo, kila kisiwa na wazee wake. Baadaye Waluo walisambaa katika pwani hii, wakaoana nao na kufanya biashara nao, na Kiluo kikashinda. Hilo lilitokea polepole.

Kule walikotoka, jumba liliendelea kula watoto wake. Juni 3, 1886 Kabaka Mwanga aliwachoma vijana wake Wakristo huko Namugongo. Maelfu ya mahujaji, wakiwamo wa kutoka Nyanza, huenda huko kila mwaka. Kagwa alikuwa mmoja wa vijana hao wa jumba. Mwanga alimpiga akamwacha hai, na mwenzake Honorat Nyonyintono alihasiwa. Ndani ya miaka michache wote wawili walikuwa wakubwa wa nchi: Nyonyintono alikuwa Katikiro mwaka 1888, na Kagwa alishika cheo hicho mwaka uliofuata, akakaa nacho hadi 1926. Aliyeandika jinsi Semakokiro alivyowafukuza wauaji wa Junju alikuwa mtu aliyepigwa na bwana wake na akaendelea kutumika. Namheshimu kwa kuhifadhi mengi. Lakini tumesoma historia ya watumishi kwa macho ya mtumishi aliyefaulu.

Wakoloni walikuja na kupanga. Hadi Aprili 1902 upande wa mashariki wa ziwa ulihesabiwa kuwa sehemu ya himaya ya Uganda. Ukahamishiwa upande ambao baadaye ukaitwa Kenya kwa sahihi ya ofisini. Kisha ukaja mstari wa 1926. Utambulisho wa Abasuba nao ukafifia: mwanasiasa Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga mwaka 1969, alijulikana na ulimwengu kama Mluo, na ni wachache nje ya visiwa waliojua kwamba alikuwa Msuba. Katika miaka ya 1990 serikali iliunda Wilaya ya Suba na kuanzisha masomo ya Kisuba katika baadhi ya shule za msingi. Mpango huo haukupewa nguvu. UNESCO inakihesabu Kisuba miongoni mwa lugha zilizo hatarini, na katika nyumba nyingi wanaokizungumza kwa ufasaha ni mabibi na mababu.

Hii ni aibu yetu, na tusiisukumie Kampala. Kenya inadai Remba kwa ramani ya Mwingereza, ilhali imeshindwa kuwafundisha watoto wa Homa Bay kwamba Remba ina historia iliyotangulia ramani hiyo. Mfangano ina jumba la makumbusho la jamii ya Abasuba na michoro ya kale kwenye miamba, vitu ambavyo nchi nyingine ingevijengea barabara. Kitabu cha Ayot kinastahili kutafsiriwa kwa Kiswahili na kuwekwa katika kila maktaba ya shule kutoka Mbita hadi Muhuru. Serikali ya Kaunti ya Homa Bay ina idara ya utamaduni. Iwatume vijana wenye simu na kinasa sauti kwa wazee wa Mfangano, Rusinga na Takawiri warekodi masimulizi ya koo zao kwa Kisuba chenyewe, pamoja na yale yanayopingana. Na wewe msomaji, ikiwa una babu upande huo anayejua mtumbwi wa kwanza wa ukoo wenu ulitia nanga wapi na ulimkimbia nani, muulize mwaka huu.