Gari la Moshi na Nyumba Mbili

Tangu gari la moshi livumbuliwe, watu wa nchi nyingi wameweza kulala mahali pamoja na kufanya kazi mahali pengine. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1883 iliyalazimisha makampuni ya reli kuwachukua wafanya kazi kwa nauli nafuu, hata fundi akaweza kushinda kazini London na kurudi kwa mkewe jioni. Reli ya Kisumu nayo iliwachukua wafanya kazi wengi kwenda miji ya mbali, lakini wao hawakurudi jioni. Walirudi baada ya miezi, na pengine baada ya miaka. Kwa nini ikawa hivyo?

Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ikaufikia ufuko wa Ziwa Victoria, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Wakubwa walioijenga walitaka njia ya kwendea Uganda: mabehewa yashushe shehena Kisumu, na meli ziivushe ziwa. Safari za Waluo, Waluyia na Wakisii hazikuwamo katika fikira zao. Walakini njia ikisha funguliwa hupitwa na kila mwenye haja, na haja haikukawia kuja.

Haja hiyo ilikuwa kodi. Katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza kila nyumba ilitozwa kodi, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa. Hapo kwanza mtu aliweza kulipa kwa mbuzi au jembe. Baadaye serikali ikataka fedha. Aliyekuwa na mazao ya kutosha aliyauza. Asiyekuwa nayo alikuwa na nguvu za mikono yake tu. Basi akapanda gari kwenda kwenye mashamba ya Wazungu katika Bonde la Ufa, au karakana za reli Nairobi, au bandari ya Mombasa.

Wenyeji hawakunyamaza. Mwezi wa Desemba 1921 walikutana Lundha, katika nchi ya Gem, wakadai kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, na kambi za kukusanyia vibarua zifungwe. Mwaka 1922 Gavana Northey alikuja kuonana nao Nyahera, karibu na Kisumu. Kambi zikafungwa, kipande kikabaki, na watu wakazidi kusafiri.

Msomaji akitazama ramani ataona kwamba kutoka Kisumu mpaka Nairobi reli hupita zaidi ya maili 250. Gari huliacha ziwa, likapanda milima ya Mau hata kupita futi 8,000, likateremka Nakuru, kisha likapanda tena ukingo wa Bonde la Ufa. Ilikuwa safari ya usiku kucha. Hapana mtu awezaye kwenda na kurudi kila siku kwa njia hiyo.

Lakini umbali hauelezi yote, kwa maana mtu angaliweza kuhama pamoja na jamaa yake. Kilichomzuia ni mshahara. Mshahara wa chini mjini ulihesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala watoto, na nyumba zikajengwa kwa hesabu hiyo hiyo: chumba kimoja, mara nyingi cha kulala wanaume kadhaa. Mwaka 1954 tume ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikiri jambo hilo, ikashauri mishahara ipandishwe hata mtu aweze kukaa na jamaa yake mjini.

Hebu tuitazame hesabu hiyo. Ikiwa tajiri alitoa chakula cha mtu mmoja, mke na watoto walilishwa na nani? Walilishwa na shamba la Nyanza, na aliyelilima ni yule mke. Alipanda mtama na mahindi, akalea watoto, akauguza wazee. Fundi alipozeeka au kuugua, alirudi kwa gari lile lile, akatunzwa na jembe lile lile. Kazi hiyo ilimpunguzia tajiri gharama, wala mwenye kuifanya hakulipwa.

Wasafiri nao hawakusahau kwao. Walituma fedha kwa posta, na mijini wakaunda vyama vya kusaidiana. Umoja wa Waluo, ulioongozwa na Oginga Odinga katika miaka ya 1950, uliwachangisha watu wake waliotawanyika katika miji ya Afrika ya Mashariki, ukajenga Kisumu jumba la kumkumbuka Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Jumba hilo lilijengwa kwa shilingi za watu waliofanya kazi mbali na ziwa.

Baadaye mabasi yaliwachukua wasafiri wengi, na magari ya abiria ya Kisumu yakasimama kwa miaka kadhaa, mpaka Desemba 2021 yaliporudi baada ya njia ya Nakuru hadi Kisumu kutengenezwa.

Vitabu hutaja mamilioni ya paundi zilizotumika kuijenga reli hii. Ni haki kuongeza kwamba sehemu ya gharama ya kazi zote zilizofuata ililipwa kwa jembe, na wanawake wasiopanda gari hilo.