Kuvu za Vijito: Kutoka De Wildeman hadi Lualaba

Kuvu za maji baridi huishi hasa kwenye majani yaliyoanguka mtoni. Nyuzi zake hupenya jani na kulilainisha, ndipo wadudu wa majini hupata chakula. Ni kazi kubwa ya kiumbe asiyeonekana bila hadubini.

Majina ya mwanzo ya kundi hili yalitolewa na Mbelgiji Émile De Wildeman: Tetracladium marchalianum mwaka 1893, kisha Lemonniera aquatica na Clavariopsis aquatica. Huyu ndiye yule yule ambaye tangu 1902 alichapisha tafiti za mimea ya Katanga, kusini mwa Kongo. Katika kuvu za maji hakupata mfuasi wa maana kwa karibu nusu karne.

Mwaka 1942 mtaalamu wa kuvu C. T. Ingold alichapisha habari za kuvu alizozikuta kwenye majani yaliyooza ya kijito kimoja karibu na Leicester. Nyingi zilikuwa hazijawahi kuelezwa. Spora zake zilikuwa na mikono minne iliyotawanyika, au zimepinda kama mwezi mwandamo. Maumbo hayo huzisaidia kunasa kwenye jani maji yakienda kasi, na pia huzifanya zikusanyike kwenye povu. Basi mtafiti mwenye chupa na hadubini aliweza kuukagua mto kwa tone la povu tu. Mwaka 1958 Ingold alitoa taarifa ya kuvu za Uganda na Rhodesia.

Kutambua spishi mpya kunahitaji zaidi ya povu. Spora moja hutengwa na kuoteshwa maabara, umbo na vipimo vyake hulinganishwa na spishi zinazojulikana, kisha mfano rasmi huhifadhiwa na jina kuchapishwa. Tangu 2013 ni lazima jina hilo pia lisajiliwe. Kwa miongo mingi spora ndiyo iliyoamua jenasi, na hapo ndipo palipokuwa na mtego: vinasaba vimeonyesha kwamba mikono minne ilizuka mara nyingi katika koo zisizo na udugu wa karibu. Hata jenasi ya Anguillospora, yenye spora zilizopinda, imekuwa jina la mchanganyiko.

Katika ukanda wa shaba wa Kongo swali la spishi zipi huishi vijitoni huwa kali zaidi, maana shaba ni sumu ya kuvu. Mwaka 1885 Mfaransa Millardet alitangaza dawa ya mizabibu iliyochanganya mrututu na chokaa, na wakulima wa kahawa wa Afrika Mashariki bado hunyunyizia dawa za shaba. Hata hivyo, katika vijito vya Mansfeld, Ujerumani, vilivyochafuliwa na machimbo ya zamani ya shaba, spishi kadhaa zimekutwa hai.

Mkoa wa Lualaba, Kongo, una pande zote mbili za ulinganisho kati ya vijito vya migodini na visivyo vya migodini: vijito vya Musumba, mji mkuu wa Walunda ulio mbali na migodi, na vile vinavyopita chini ya machimbo ya Kolwezi. Watafiti wa Kolwezi na Lubumbashi waanze na jozi hiyo, na mifano rasmi ya spishi watakazozipa majina ihifadhiwe Kongo.