Oakland, Oktoba na ubishi wa bahati

Kimya kilikuwa cha UE, mnajua wenyewe. Sasa zimekwisha, matokeo bado, na chumbani kwetu ubishi umehamia kwenye mpira: bingwa wa kweli ni yule aliyeongoza ligi msimu mzima au yule aliyebeba kombe la mtoano? Tumebishana mpaka jirani kagonga ukuta. Mimi nikasema ubishi huu Wamarekani wanao kwa zaidi ya miaka 100, tena kwenye mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye sinema tu: besiboli. Nikaahidi kuandika. Haya, hii hapa, ni ndefu kidogo, vuta kiti.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: mrushaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo, akifanikiwa anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akirudi salama pale alipoanzia, pointi moja. Raundi tisa kila timu. Hayo yanatosha. Cha kushika kichwani ni kwamba huu ni mchezo wa tofauti ndogo sana. Kwenye soka timu kubwa inaweza kumaliza ligi imepoteza mechi mbili. Kwenye besiboli timu nzuri ya msimu hushinda kama mechi sita kati ya kumi, na ile mbovu inayochekwa na kila mtu hushinda nne. Ndiyo maana kila timu inacheza mechi 162, karibu kila siku, kuanzia majira yao ya machipuko mpaka Septemba. Wingi wa mechi ndio unaochambua mchele na chuya.

Halafu Oktoba inafika, na bingwa anaamuliwa kwa mechi tano au saba. Hapo ndipo kelele zinapoanza.

Zamani angalau njia ilikuwa fupi. Hadi 1968 kulikuwa na ligi mbili, American na National. Anayemaliza wa kwanza huku anakutana na wa kwanza kule kwenye World Series, basi. Hata hivyo ajali zilitokea. Mwaka 1906 Chicago Cubs walishinda mechi 116 na kupoteza 36, wakakutana na majirani zao White Sox, timu iliyokuwa na wastani mbovu kuliko wote wa kupiga mpira katika ligi yake. White Sox wakabeba, 4-2. Mji mmoja huo huo! Fikiria kijiweni kesho yake.

Mwaka 1969 kila ligi ikagawanywa makundi mawili na hatua moja ya mtoano ikaongezwa. 1995 ikaongezwa nyingine, pamoja na nafasi ya ziada kwa timu ambayo haikushinda kundi lake. Kufikia 2022 timu zinazoingia zilikuwa 12. Sababu si siri: mechi za Oktoba zinajaza viwanja na zinauzika kwenye televisheni. Lakini kila hatua mpya ni lango jingine ambalo aliye bora anaweza kuangukia.

Sasa naomba dakika mbili za hesabu, msikimbie. Chukua timu ambayo ina uwezekano wa asilimia 55 kumshinda mpinzani wake katika kila mechi. Kwenye besiboli ya Oktoba, ambako kila aliyeingia ni mzuri, hiyo ni faida ya maana. Katika mfululizo wa mechi tano, anayetangulia kushinda tatu anapita, timu hiyo itapita mara 59 kati ya 100. Katika mfululizo wa saba, mara 61. Zidisha sasa: mmoja wa tano na miwili ya saba, unapata asilimia 22. Yaani timu iliyo bora kuliko kila inayekutana naye itarudi nyumbani bila kombe karibu mara nne kati ya tano. Niliifanya hesabu hii nyuma ya karatasi ya mgahawa, nikairudia mara mbili, inatoka hivyo hivyo.

Twende Oakland. Wengi mmeiona filamu ya Moneyball ya 2011, Brad Pitt akiwa Billy Beane, meneja mkuu wa Oakland Athletics. Filamu ilitokana na kitabu cha Michael Lewis cha 2003. Kwa kifupi, Oakland walikuwa maskini wa ligi. Mwaka 2002 mishahara ya wachezaji wao ilikuwa kama dola milioni 40, wakati New York Yankees walikuwa juu ya milioni 120. Beane akaamua kununua wachezaji ambao wengine hawawaoni, hasa wale wanaojua kufika kituo cha kwanza kwa njia yoyote, hata kama si kwa mbwembwe. Akawa na warushaji watatu vijana wa kutisha: Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito. Wakashinda mechi 102 mwaka 2001, na 103 mwaka 2002, ikiwemo ile ya kushinda mara 20 mfululizo, rekodi ya American League mpaka Cleveland walipoivuka kwa 22 mwaka 2017.

Na Oktoba? Duh. Mwaka 2000 walitolewa na Yankees, 3-2. Mwaka 2001 Yankees tena, 3-2. Mwaka 2002 Minnesota, 3-2. Mwaka 2003 Boston, 3-2. Miaka minne, hatua ile ile ya kwanza, mechi ya tano kila mara. Ukihesabu mechi ambazo Oakland wakishinda tu wanapita, zilikuwa tisa. Walipoteza zote tisa.

Hebu tukae hapo kidogo, maana hapa ndipo watu walipogawanyika. Kama kila moja ya mechi hizo ni kurusha shilingi, uwezekano wa kupoteza tisa mfululizo ni mmoja kati ya 512. Wanaoamini vipaji na moyo wakasema: hiyo si bahati mbaya, hiyo ni timu yenye kasoro. Joe Morgan, nyota mstaafu aliyekuwa mtangazaji, alikuwa kinara wa kuiponda falsafa ya Beane. Kwa kambi yake, Oakland hawaibi vituo, hawajui kutengeneza pointi moja pale inapohitajika moja, wanakaa kungoja mpira utoke nje ya uwanja.

Na walikuwa na ushahidi wa macho. Oktoba 13, 2001, Oakland wanaongoza mfululizo 2-0, mechi ya tatu, Yankees mbele 1-0, raundi ya saba. Terrence Long anapiga, Jeremy Giambi anakimbia kutoka kituo cha kwanza kwenda kusawazisha. Mpira uliorudishwa kutoka pembeni unawapita watu wawili waliotakiwa kuudaka. Ghafla Derek Jeter, ambaye kwa nafasi yake hakutakiwa kuwa pale kabisa, anatokea anakimbia, anauokota na kumpasia Jorge Posada kwa mkono wa chini kama anamrushia rafiki funguo. Giambi hakuteleza chini, aliingia amesimama, akaguswa. Nje. Ikaisha 1-0, na Oakland wakapoteza tatu mfululizo. Miaka miwili baadaye huko Boston, katika mechi moja tu, Eric Byrnes alipita bila kukanyaga kituo cha nyumbani akatolewa, na Miguel Tejada akasimama njiani akidhani mwamuzi ameshampa haki kwa kuzuiwa, naye akatolewa. Walifungwa 3-1 katika raundi ya 11. Ukiangalia hayo huwezi kusema ni shilingi inayorushwa. Ni watu, na miguu yao.

Kambi ya pili, ya takwimu, ilijibu hivi. Jeter alitokea pale, sawa, hicho ni kipaji. Lakini Giambi angewahi kwa hatua moja, leo tungekuwa tunasimulia habari ya mrushaji wa pembeni wa Yankees aliyeharibu. Katika mechi 162 matukio ya namna hiyo yanakuja mengi na yanafutana. Katika tano hayapati muda wa kufutana. Beane mwenyewe alisema kazi yake ni kuifikisha timu Oktoba; baada ya hapo ni bahati. Wapo waliomwona anajitetea. Mimi namwelewa.

Na ile moja kati ya 512? Kumbuka kwamba tumeichagua Oakland baada ya kuona kilichowapata. Kuna timu 30 na miaka mingi. Lazima mahali fulani pangetokea mkosi wa kutisha, na popote utakapotokea ndipo tutakapoandikia kitabu.

Atlanta Braves ndio kielelezo changu cha upande wa pili wa mizani. Walishinda kundi lao mara 14 mfululizo, 1991 hadi 2005 (msimu wa 1994 haukuisha kwa mgomo), chini ya kocha Bobby Cox, na kwa miaka mingi wakiwa na Maddux, Glavine na Smoltz, warushaji watatu ambao wote wako kwenye jumba la heshima la besiboli. World Series walishinda ngapi? Moja, 1995. Kwa hesabu ile ya asilimia 22 ungetarajia tatu hivi. Moja ni chache, lakini si ajabu ya kumwita mganga.

Huyo Jeter sasa. Jina lake kwa mashabiki ni mtu wa Oktoba. Katika msimu wa kawaida wastani wake wa kupiga ulikuwa .310. Katika mechi zake 158 za mtoano, ambazo ni kama msimu mzima, ulikuwa .308. Alikuwa yule yule! Geuza upande uone Barry Bonds. Hadi 2001 aliitwa mwoga wa Oktoba: mechi 27, wastani .196, mpira uliotoka nje ya uwanja mmoja tu. Mwaka 2002, akiwa na miaka 38, akapiga nane katika mtoano mmoja. Moyo ulimjia uzeeni? Au mechi 27 zilikuwa chache mno kumhukumu mtu?

Mwaka 2006 Nate Silver na Dayn Perry walijaribu kutafuta kinacholipa Oktoba. Walitoka na vitu vitatu: warushaji wenye uwezo wa kuwamaliza wapigaji wenyewe, mfungaji mzuri wa mechi, na ulinzi. Inaingia akilini, na kwa muda watu walipanga timu kwa kipimo hicho. Lakini kipimo kilipokutana na miaka iliyofuata hakikutabiri cha maana. Na mwaka ule ule wa 2006 bingwa alikuwa St. Louis Cardinals, ushindi 83 kwa kupoteza 78. Timu ya katikati ya daftari, ikabeba dunia.

Kiswahili kingewasaidia hawa jamaa, nawaambia. Sisi kwenye takwimu tunasema sampuli nasibu, na mtaani tunasema bahati, nyota, kismati. Mtu wa hesabu akisema Oktoba ni bahati anamaanisha nasibu: mechi ni chache, chochote kinaweza kutokea. Shabiki anasikia kismati, kwamba wachezaji wake walipewa kombe la bure. Lazima akasirike. Hakuna aliyewahi kupiga mpira wa kilomita 150 kwa saa kwa kismati.

Ila msidhani ni porojo za vijiweni tu, watu wanapoteza kazi kwa hili. Mwaka 2017 Washington Nationals chini ya kocha Dusty Baker walishinda mechi 97. Wakatolewa na Cubs katika mechi ya tano, 9-8. Mkataba wake haukuongezwa. Mechi 162 zilisema huyu mzee anajua kazi, moja ikasema hapana, na wakubwa wakaisikiliza hiyo moja. Miaka mitano baadaye, 2022, akiwa na miaka 73, alibeba World Series na Houston, ikiwa ni ya kwanza kwake kama kocha. Mlifikiri alijifunza kitu kipya akiwa na miaka 70?

Sisi wa chuo hii inatugusa pabaya. Coursework ya wiki kumi na tano inabeba 40, saa tatu za UE zinabeba 60. Kuna mshkaji wa kozi yetu, msuli wake wa mwaka mzima kila mtu anaujua, aliingia kwenye mtihani na malaria. Ana sapu sasa. Mwingine aliotea maswali mawili. Karatasi ya matokeo haitaandika lolote kati ya hayo.

Lakini sitaki kwenda na kambi ya takwimu mpaka mwisho wa njia. Mwaka 2023 timu tatu zenye ushindi 100 na zaidi, Atlanta, Baltimore na Los Angeles Dodgers, ziliondoka zote katika mfululizo wao wa kwanza, na fainali ikawa ya Texas (90) na Arizona (84). Mashabiki wa nasibu walishangilia. Dodgers hao hao wakabeba 2024, wakarudia 2025, klabu ya kwanza kutetea kombe tangu Yankees wa 1998 hadi 2000. Fedha na vipaji vikirundikana vya kutosha, shilingi inaanza kuinama. Ingawa hata hiyo fainali ya 2025 na Toronto ilikwenda mechi ya saba, raundi ya 11, na Dodgers walikuwa nyuma mpaka raundi ya tisa, Miguel Rojas aliposawazisha kwa kuutoa mpira nje ya uwanja. Rojas si mtu aliyenunuliwa kwa kazi hiyo.

Oakland wenyewe hawapo tena Oakland; waliondoka baada ya msimu wa 2024. Beane hakuwahi kushinda World Series akiwa meneja wao mkuu.

Haya, bumu halijatoka na mgahawa unafunga saa mbili. Tuonane wiki ijayo, matokeo yakiwa ukutani.